Kikosi, Bawa na Kipago: Historia ya Majina ya Vikosi vya Ndege za Kivita

Mfasiri wa Kiswahili anayeshughulikia habari za vita vya angani hukabiliwa mapema na shida ambayo kamusi haimwondolei. Katika Kiingereza husoma "flight", "squadron", "wing" na "group"; katika Kifaransa "escadrille", "escadron" na "escadre"; katika Kijerumani "Staffel", "Gruppe" na "Geschwader". Mwishowe yote huyaandika kwa neno moja, kikosi, ambalo katika lugha hiyo hiyo hutumika kwa wazimamoto, kwa askari wa barabarani na hata kwa timu ya kandanda. Msomaji huambiwa kwamba kikosi kilishambulia bandari, wala hajui kama zilikwenda ndege nne au mia.

Ni rahisi kudhani kwamba upungufu huo ni wa Kiswahili peke yake, na kwamba lugha za Ulaya zina ngazi iliyo wazi ya istilahi ambayo inangoja tu kufasiriwa. Historia ya majina yenyewe haiungi mkono dhana hiyo. Majina ya vikosi vya ndege hayakubuniwa ili kupima ukubwa. Yalirithiwa kutoka kwa wapanda farasi na mabaharia, na kila jeshi likayajaza maana kwa kadiri ya haja yake ya siku ile. Kwa hiyo neno la jeshi moja aghalabu halilingani na neno hilo hilo katika jeshi la jirani, hata pale ambapo lugha ni moja.

Chanzo cha sehemu kubwa ya mkanganyiko huo ni neno la Kiitalia "squadra", lenye uhusiano na umbo la mraba, yaani askari waliojipanga pande nne. Kiitalia, kama Kiswahili, kina njia ya kukuza na kudunisha majina kwa viambishi, ila chenyewe huvitia mwishoni mwa neno. Kutokana na "squadra" hupatikana "squadrone", ambalo ni kubwa, na "squadriglia", ambalo ni dogo, kama vile katika "mto" Kiswahili kinavyotoa "jito" na "kijito". Umbo la ukubwa lilipita katika Kifaransa likawa "escadron", kikosi cha wapanda farasi, na katika Kiingereza likawa "squadron". Umbo la udogo lilikuwa "escadrille", kundi la merikebu ndogo ndogo. Neno la msingi likawa "escadre", kundi la manowari. Kijerumani nacho kililichukua neno hilo mwishoni mwa zama za kati, kwanza kwa wapanda farasi, baadaye kwa merikebu. Na kwa kulitilia kiambishi chake cha mwanzo likawa "Geschwader".

Hivyo ndege zilipoingia jeshini mwanzoni mwa karne ya ishirini zilikuta familia nzima ya maneno ikizingoja. Mwaka 1914 "escadrille" ya Wafaransa ilikuwa na ndege zipatazo sita. "Squadron" ya Waingereza ilipangwa kuwa na ndege kumi na mbili. "Geschwader" ya Wajerumani, katika vita kuu ya pili, ilikuwa na ndege mia hivi. Haya yote ni matawi ya shina moja. Lililo la ajabu zaidi ni kwamba katika jeshi la anga la Ufaransa "escadron" imekuwa sehemu ya "escadre": neno la ukubwa limewekwa chini ya neno la msingi. Mwanaisimu atakayetaka kukisia ukubwa wa kikosi kutokana na umbo la neno atapotea.

Uingereza ni mfano mzuri wa jinsi jina linavyoweza kubadilika mikononi mwa watu wale wale. Mwaka 1911 Waingereza waliunda batalioni ya anga chini ya wahandisi wa jeshi, na sehemu zake zikaitwa kombania, kama ilivyo kawaida ya batalioni yoyote. Kombania ya kwanza ilikuwa na vyombo vyepesi kuliko hewa, ya pili ilikuwa na eropleni. Aprili 1912 kikaanzishwa chombo kipya, Royal Flying Corps, na kombania zikageuka kuwa skwodroni. Ile ya vyombo vya gesi ikapewa nambari 1. Kombania ya eropleni ya Larkhill ikawa skwodroni ya 3. Hiyo ya 3 haikusahau kwamba ndiyo iliyotangulia kurusha eropleni. Wito wake, ulioandikwa kwa Kilatini, husema kwamba wa tatu atakuwa wa kwanza.

Katika mpango huo wa 1912 neno "wing", yaani bawa, lilikuwa na maana kubwa mno. Chombo chote kilikuwa na mabawa mawili, bawa la jeshi la nchi kavu na bawa la wanamaji, kama ndege yenyewe. Lakini Novemba 1914, majeshi yalipokwisha kuzama katika mahandaki ya Ufaransa, skwodroni zilikusanywa chache chache, na kila mkusanyiko ukaitwa bawa. Neno lililokuwa nusu ya jeshi likawa, kwa muda wa miaka miwili na nusu tu, jina la skwodroni mbili tatu. Ndege hii ilianza kuota mabawa mengi. Baadaye, jeshi la RAF lilipokwisha kuundwa, juu ya bawa likawekwa "group". Mwaka 1940, katika vita vya kuilinda Uingereza, Group ya 11 chini ya Keith Park ilikuwa na skwodroni zipatazo ishirini, na ilikuwa na dhamana ya anga yote ya London na kusini mashariki.

Wamarekani walichukua maneno hayo hayo wakayapanga kinyume. Kwao "group" ndiyo iliyokuwa juu ya skwodroni moja kwa moja, na "wing" ikawa juu ya "group". Watu wanaosema Kiingereza kimoja, wanaopigana vita vimoja, tena wakitumia viwanja vya nchi moja, walikuwa wakimaanisha vitu viwili kwa neno moja. Mfano ulio wazi ni wa skwodroni tatu za RAF zilizokuwa na marubani wa kujitolea kutoka Marekani, yaani za 71, 121 na 133. Septemba 1942 zilihamishwa kwenda jeshi la Marekani zikawa skwodroni za 334, 335 na 336. Marubani walikuwa wale wale. Katika utaratibu wa RAF, skwodroni tatu zilizofungwa pamoja zingeitwa "wing". Asubuhi ya kuhamishwa zikawa "Fighter Group" ya 4. Mfasiri aliyekwisha kuamua kwamba "wing" ni bawa na "group" ni kundi, na kwamba bawa ni dogo kuliko kundi, ametafsiri jeshi moja tu.

Vyeo navyo havisaidii. RAF ilipoweka vyeo vyake Agosti 1919 ilifuata kwa sehemu desturi ya marubani wa wanamaji, na vyeo vikatungwa kutokana na vikosi: kiongozi wa skwodroni, kamanda wa bawa, kapteni wa kundi. Baada ya vita kuu ya pili skwodroni nyingi za kurusha zikawa chini ya "Wing Commander", na "Squadron Leader" akawa mkuu wa sehemu ya skwodroni tu. Cheo kilibaki mahali pake nacho kikosi kikateremka. Kenya haikurithi tatizo hilo, kwani Jeshi la Wanahewa hutumia vyeo vya jeshi la nchi kavu: meja, kanali, brigedia, meja jenerali.

Wajerumani walikuwa na taswira nyingine. Neno "Staffel" maana yake ya asili ni kipago cha ngazi, na kijeshi lilikuwa jina la askari waliojipanga hatua kwa hatua, mmoja nyuma ya mwingine. Katika mwaka 1916 vikosi vya ndege za kuwinda viliitwa "Jagdstaffel". Cha 2 kilikuwa chini ya Oswald Boelcke. Juni 1917 vinne vya namna hiyo, vya 4, 6, 10 na 11, vilifungwa pamoja chini ya Manfred von Richthofen, na kifungo hicho kikaitwa "Jagdgeschwader I". Katika vita vya pili ngazi ilikuwa imekamilika: vipago vitatu hufanya "Gruppe", na "Gruppe" tatu hufanya "Geschwader". Wajerumani walitofautisha madaraja hayo kwa tarakimu. "Gruppe" iliandikwa kwa tarakimu za Kirumi na "Staffel" kwa za kawaida, hata III./JG 26 ni theluthi ya "Geschwader" nzima, ilhali 3./JG 26 ni kipago kimoja. Wapo waandishi wa historia waliobadilisha tarakimu za Kirumi kwa ajili ya wepesi wa kupiga chapa, na bila kujua wakapunguza ndege thelathini kuwa kumi.

Waliolitatua tatizo la tafsiri kwa akili zaidi ni Wapoland. Baada ya nchi yao kushindwa mwaka 1939, marubani wao wengi walifika Uingereza, na mwaka uliofuata wakapewa skwodroni zao ndani ya RAF. Kipoland kilikuwa na neno "eskadra", lenye ukoo na "squadron", na mfasiri mvivu angelichukua bila kufikiri. Lakini "eskadra" ya Poland ilikuwa na ndege zipatazo kumi, na juu yake palikuwa na "dywizjon", ambayo ni "eskadra" mbili au zaidi. Skwodroni ya RAF ilikuwa na sehemu mbili, A na B. Wapoland wakatazama kitu wakaacha kutazama neno: skwodroni ikawa "dywizjon", na sehemu zake mbili zikawa "eskadra". Hivyo skwodroni ya 303, iliyopata sifa kubwa mwaka 1940, hujulikana kwao kama "Dywizjon 303", na ndilo jina la kitabu mashuhuri cha Arkady Fiedler cha mwaka 1942. Neno la ukoo mmoja liliwekwa kando kwa sababu lilikuwa ndugu wa uongo.

Ufaransa ilianza kwa kuyapa majina kazi ya kueleza chombo. Nambari ya "escadrille" ilitanguliwa na herufi za aina ya ndege. Kikosi cha 3, chenye alama ya korongo, kilikuwa BL 3 kilipokuwa na ndege za Blériot, kikawa MS 3 kwa Morane-Saulnier, kisha N 3 kwa Nieuport, na mwishowe SPA 3. Jina lilibadilika kila chombo kilipobadilika, nambari ikabaki. Kuna jina jingine la Kifaransa lililobadilika kwa sababu nzito zaidi. Aprili 1916 iliundwa "escadrille" N 124 yenye marubani wa kujitolea kutoka Marekani, ikaitwa ya Kimarekani. Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani. Wajerumani walilalamika huko Washington kwamba taifa lisilo na upande haliwezi kuwa na kikosi upande mmoja. Kabla ya mwaka kwisha jina likawa Lafayette, Mfaransa aliyepigania uhuru wa Marekani katika karne ya kumi na nane. Hapana rubani aliyeondolewa, wala ndege. Kilichoondolewa ni kivumishi.

Nambari nazo ni lugha, na sarufi yake huonekana pale majeshi mawili yanapokutana. Tarehe 1 Aprili 1918 marubani wa jeshi la nchi kavu na wa wanamaji wa Uingereza waliunganishwa kuwa RAF. Kila upande ulikuwa na skwodroni yake ya 1, ya 8, ya 10. Utatuzi ulikuwa wa hesabu: skwodroni za wanamaji ziliongezewa 200, ya 1 ikawa 201, ya 8 ikawa 208. Zaidi ya karne imepita, na mtu anayejua kanuni hiyo bado anaweza kusoma baharini katika nambari hizo. Jambo hilo lilirudiwa katika vita vya pili. Kwa mapatano yaliyotiwa sahihi Ottawa Desemba 1939, skwodroni za Kanada, Australia na New Zealand zilitengewa nambari kuanzia 400, na za mataifa ya Ulaya yaliyotekwa zikapewa nambari za 300. Skwodroni ya 1 ya Kanada ikawa 401 mwezi Machi 1941. Kwa Waingereza huo ulikuwa usafi wa daftari; kwa Wakanada ilikuwa ni kuacha kuwa wa kwanza kwao ili wawe wa mia nne na moja kwa wengine.

Afrika Mashariki iliingia katika daftari hizo mapema. Mwaka 1915 ndege za wanamaji wa Uingereza ziliruka kutoka Mafia kuitafuta manowari Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji. Januari 1916 ilifika Mombasa skwodroni ya 26, yenye watu wengi wa Afrika Kusini, ikaenda kupigana na majeshi ya von Lettow-Vorbeck. Ilivunjwa 1918, ikafufuliwa 1927 Uingereza kwenyewe, mbali na Afrika. Lakini alama yake ni kichwa cha swala wa Afrika Kusini, na wito wake umeandikwa kwa Kiafrikana. Ndivyo zilivyo skwodroni: watu hutawanyika, ndege huuzwa kama vyuma vikuukuu, jina hukaa miaka kabatini, kisha huvishwa watu wengine.

Aprili 1940, hapa Nairobi, skwodroni ya 1 ya Rhodesia ya Kusini iligeuzwa kuwa skwodroni ya 237 ya RAF, na jina Rhodesia likatiwa katika mabano baada ya nambari. Mabano hayo yalikuwa na historia. Tangu 1918 skwodroni ya 110 iliitwa ya Hyderabad kwa kuwa Nizamu wa huko alilipia ndege zake. Katika vita vya pili desturi hiyo ilienea: 139 ikawa ya Jamaica, 249 ya Gold Coast, 72 ya Basutoland. Fedha zilitoka katika makoloni, na jina likawa stakabadhi. Yafaa isemwe pia kwamba jina la Basutoland juu ya skwodroni halikuwa na maana kwamba Msotho alikuwa akiendesha ndege hizo.

Mtego mbaya kuliko yote kwa mfasiri wa historia ya Kenya umo katika neno "flight". Katika jeshi ni sehemu ya skwodroni, au kikosi kidogo kinachojitegemea. Wakati wa hali ya hatari, kuanzia 1953, kikosi kimoja cha namna hiyo, chenye nambari 1340 na ndege za Harvard, kilishambulia misitu ya Aberdare kutoka Mweiga, na skwodroni za Lincoln zilipokezana huko Eastleigh. Mfasiri akiandika "safari ya ndege nambari 1340", amegeuza kikosi kizima kilichopiga mabomu kwa muda mrefu kuwa safari moja ya alasiri. Kosa hilo la neno moja hupunguza uzito wa tukio ambalo wengine walilipia kwa maisha yao.

Majina ya heshima hayana haja ya maelezo mengi. Muungano wa Kisovieti, kuanzia Desemba 1941, ulivipa vikosi vilivyopigana vyema jina la Walinzi pamoja na nambari mpya. Kikosi cha wanawake cha 588, kilichorusha usiku ndege dhaifu za Po-2, kikawa cha 46 cha Walinzi mwaka 1943. Heshima ikitolewa huweza pia kutwaliwa. Ujerumani Magharibi iliipa "Jagdgeschwader" ya 74 jina la Werner Mölders mwaka 1973. Mwaka 1998 bunge la Ujerumani liliamua kwamba waliotumikia kikosi cha Condor katika vita vya Hispania wasienziwe, na mwaka 2005 jina likaondolewa. Watetezi wake walisema kwamba Mölders alifika Hispania mwaka 1938, na Guernica ilikwisha kuteketezwa 1937. Hoja hiyo ni ya kweli kwa tarehe, lakini haikujibu swali lililoulizwa, ambalo lilihusu jeshi alilolitumikia.

Yote hayo yanapotazamwa kwa jicho la Kiswahili, huonekana kwamba neno kikosi lina faida na hasara zake. Katika Tanzania limewekewa nambari na kuwa istilahi kamili: KJ, yaani Kikosi cha Jeshi, kama vile 832 KJ cha Ruvu. Hapo halidai kusema ukubwa, na ndiyo nguvu yake. Kwa mfasiri, njia ya Wapoland ndiyo iliyo bora: kwanza ahesabu ndege, kisha atafute neno. Pale ambapo jina ni sehemu ya utambulisho, kama skwodroni ya 303, ni afadhali skwodroni ibaki skwodroni, kama kombania na platuni zilivyobaki tangu enzi za K.A.R.; kikosi kiwe neno la jumla. Kulazimisha bawa na kundi viwe istilahi za kudumu ni kurithi ugomvi wa London na Washington bila sababu.

Hata jina la jeshi lenyewe halijakubaliwa na wote. Kenya husema Jeshi la Wanahewa, kwa kufuata wanamaji, neno la siku nyingi. Tanzania husema Jeshi la Anga, na huepuka "wanaanga", ambao kwa sasa ni watu waendao mwezini. Nalo jeshi la Kenya, lililoanzishwa 1964, lilipoteza jina lake kwa muda. Baada ya jaribio la kuipindua serikali tarehe 1 Agosti 1982 lilivunjwa, na lililoundwa mahali pake likawekwa chini ya usimamizi wa jeshi la nchi kavu, likaitwa kwa Kiingereza "82 Air Force". Nambari iliyobeba mwaka wenyewe ilivaliwa na kila aliyetumika humo, hata walioingia baadaye, mpaka 1994 jeshi liliporudishiwa hadhi na jina lake la kwanza.

Ni sadfa tu kwamba miaka ya mwisho ya 1940 skwodroni ya 82 ya RAF ilikuwa na ndege zake Eastleigh, zikipiga picha za kutengenezea ramani za Kenya. Katika jina hilo 82 ni nafasi katika mfululizo ulioanza 1912. Katika lile jingine ni mwaka. Mtafiti atakayeikuta nambari hiyo pamoja na jina la Eastleigh katika karatasi isiyo na tarehe itampasa aangalie kwanza kama ndege inayotajwa ni Lancaster ya kupiga picha au Buffalo ya uchukuzi.